Mstari wa Tisa

Jumatatu, 3 Machi

Leo naanza, na naapa kuandika yote, hata yanayoniaibisha. La kwanza: mada ya mdahalo siielewi! Mdahalo wa shule ni Ijumaa. Mitambo ya umeme wa jua na ya haidrojeni ya kijani ijengwe na serikali, au iachiwe makampuni? Nimeokota karatasi ya kura: upande wa serikali. Nikafurahi. Baba ni fundi kwenye kituo cha umeme wa jua cha shirika la umma. Hoja zote ninazo nyumbani!

Jumanne, 4 Machi

Baba kanieleza haidrojeni kwa bilauri ya maji. Umeme wa jua unayatenganisha maji, inapatikana gesi, na gesi hiyo ni mafuta yasiyo na moshi. Shangazi akadakia. Yeye ni karani wa kampuni inayojenga kiwanda cha gesi hiyo. Akasema: sisi tumejenga kwa miezi minane, nyie mko wapi? Baba: na gesi yenu si ya wanunuzi wa ng'ambo? Nani alimvutia Mama waya kule mlimani, penye nyumba sita tu, kama si shirika letu? Shangazi akacheka — waya upo, kaka, umeme je?

Kweli, kwa Bibi, mama yao, taa huzimika saa moja jioni. Umeme wa kituo cha Baba hautoshi.

Baba akainuka kuosha bilauri. Hoja ya waya nimeitia kwenye hotuba. Ya taa sijaitia.

Jumatano, 5 Machi

Mazoezi. Mwalimu anasema nasoma vizuri, ila nilete mfano nilioushuhudia mwenyewe. Kesho nakwenda na Baba kazini.

Alhamisi, 6 Machi

Paneli huoshwa alfajiri. Jua likishachoma, maji baridi hupasua kioo. Baba kanipa brashi ya mpini mrefu. Mstari wa tisa wa paneli niliusugua mpaka nikajiona uso. Mlinzi akaangua kicheko: mwanangu, unamwosha maiti!

Mstari wa tisa hautoi umeme. Inveta yake, kile kisanduku kinachougeuza umeme wa jua utumike majumbani, iliungua mwaka juzi. Mpya inangoja saini ya mkuu wa kituo. Mafundi wanamwita Bwana Saini. Lakini ratiba inasema mistari kumi na miwili ioshwe. Basi inaoshwa, na Baba anaweka alama ya vema. Kila wiki!

Nikamuuliza kwa nini. Akasema, inveta ikija, ikute kioo safi.

Sijui nicheke au nilie. Kampuni ingeibadilisha kwa siku mbili, Shangazi ameniambia jioni hii. Nikamuuliza: na mngemvutia Bibi waya? Akajifanya anatafuta miwani.

Na mchana shuleni — mwalimu katangaza mgeni rasmi wa mdahalo. Bwana Saini!

Ijumaa, 7 Machi

Hotuba ninazo mbili. Moja ina mstari wa tisa, moja haina. Niliyoipenda ni ile yenye ukweli, na ndiyo inayouangusha upande wangu. Au inausaidia? Sijui tena.

Baba yuko bafuni. Nimemtilia karatasi kwenye buti la kushoto, ndilo analoanza nalo. Nimeandika:

Baba, mgeni wetu ni Bwana Saini. Nikisema mbele ya watu, pengine ataona haya asaini, na Bibi apate taa. Pengine atauliza nani aliniingiza kituoni, na wewe ufukuzwe kazi. Mdahalo ni saa nne. Tafadhali nijibu nyuma ya karatasi hii kabla hujafunga kamba: mstari wa tisa niutaje?