Jina kwanzaAo haitatoka

Yaya Bijou, mukubwa wangu,

Nilikupoteza mwaka uliopita, mwanzo wa mvua. Mu bureau yetu ya kuandika programu, kule Makomeno, balitia muntu mupya ku kiti yako hata kilio haiyaisha. Hasira ile ningali nayo.

Weye njo ulinitoa ku Bel-Air, kule nilikuwa nauzisha mayunite ya simu. Ulisema: "Unajua hesabu, inatosha. Ikala hapa." Fonction yangu ya kwanza, kipande ya programu, ilikuwa inafanya kila kitu: inasoma liste ya kamio, malori za ku mupaka wa Sakania, inazipanga, inahesabu uzito. Ulicheka mpaka machozi. "Dada, hii fonction iko na batoto ngapi mu tumbo? Zalisha! Kila moja kazi yake, na jina iseme ile kazi."

Ile siku tulizalisha kwanzaAo. Mistari mbili tu. Unaipa liste na kitu ya kubakisha. Inakurudishia kamio ya kwanza, ao, kama liste iko tupu, ile kitu ya kubakisha. Jina ya kifaransa ulikataa. "Hii 'ao' iko ya kwetu."

Chef mupya, ule wa ku kiti yako, anasema iko jina ya lugha ya soko. Aliitoa yote, programu ikawa inaomba kamio ya kwanza bila kuuliza kama iko. Siku ya Mungu, siku ya misa, hakuna kamio ilipita. Liste tupu. Programu ikaanguka. Na mbele ya bantu bote akasema: "Ile kazi ya marehemu!"

Ya marehemu? Nikarudisha kwanzaAo, programu ikasimama tena, ikatembea. Akaniita: "Kesho utoe ile jina, ao utoke weye." Alisema "ao", Yaya! Weye ungeanguka chini na kucheka.

Mama anasema nitie tu kifaransa, nipate ya kukula. Bengine banasema nizoee kufa kwako, maisha inaendelea. Banataka nikupatie kitu ya kubakisha. Haiko. Nakuita, inarudi kimya.

Lala muzuri, Yaya yangu. Jina sitaitoa. Akinifukuza, nitaandika fonction zangu fupi fasi ingine, na kila moja itakuwa na jina ya kwetu.

Kesho saa mbili ya asubuhi naingia kwake. Mbele ya saa mbili unijibu, bila kuzunguka: utaingia na miye? Ndiyo? Hapana?

Mudogo wako,
Nadine