Taa ya Ubavuni

MAELEZO YA SHAHIDI
Anafahamika kwa jina la: Fundi Waya
Umri: miaka 54
Kazi: fundi umeme
Makazi: nyumba za nyuma ya kiwanda cha sabuni
Kuhusu: kuanguka kwa boriti katika jumba la maonyesho
Yameandikwa tarehe 19, kuanzia saa mbili na nusu asubuhi

Nimekuwa fundi umeme kwa miaka thelathini na moja. Msanii aliyeumia ni mpwa wangu, mtoto wa dada yangu. Tangu utotoni tunamwita Kimulimuli, kwa sababu alikuwa halali mpaka apewe tochi.

Mnamo tarehe 2 mwezi huu mimi na yeye tulianza kuandaa maonyesho yake ya taa katika jumba la maonyesho, ambalo zamani lilikuwa ghala. Lina nguzo nane, kuta ndefu na madirisha membamba juu kabisa. Tuliyaziba madirisha kwa kitambaa cheusi, tukalaza taa arobaini sakafuni, kandokando ya kuta, ili mwanga upande juu ukiupiga ukuta kwa ubavu. Naomba iandikwe hivi: zililazwa sakafuni. Hatukutoboa hata tundu moja.

Nilimuuliza kwa nini asitundike taa juu kama watu wengine. Akasema, "Mjomba, mimi sipambi ukuta. Nauuliza umekaa vipi miaka yote hii." Nikamwambia ukijibu aniite. Tulicheka.

Tarehe 9, saa tano asubuhi, tuliwasha taa zote kwa mara ya kwanza. Taa ikiumulika ukuta kutoka mbele, inaficha. Ikiumulika kwa ubavu, hata unywele unatoa kivuli. Kwenye ukuta wa kushoto, karibu na nguzo ya tatu, tuliona ufa. Ulianzia pale boriti ya zege inapoegemea ukuta, ukashuka hadi usawa wa bega langu. Kimulimuli akapanda ngazi. Ukucha wake uliingia.

Tulimwita meneja wa jumba. Alitazama akiwa amesimama mlangoni, akasema, "Hiyo ni chokaa tu, imekauka." Mpwa wangu akamwambia, "Panda ngazi uone." Hakupanda. Alisema viatu vyake vinateleza.

Tarehe 12 ufa ulikuwa umerefuka kwa upana wa kiganja. Tulijua kwa sababu Kimulimuli alikuwa ameweka alama ya penseli pale ulipoishia. Siku hiyo hiyo aliandika barua kuhusu ufa, akaipeleka mwenyewe ofisini kwa meneja. Karani aligonga muhuri wa kupokea. Nakala ninayo na nimeikabidhi.

Tarehe 14, kama saa nane mchana, mpwa wangu alikwenda kununua kitambaa. Meneja akaja. Akasema, "Fundi, isogeze hiyo taa ya nguzo ya tatu, iweke mbele. Inaaibisha jengo." Nikamwambia mwenye kazi hayupo. Akasema, "Mwenye jengo nipo. Au nifunge maonyesho leo, mbebe waya zenu?"

Niliisogeza. Mkono ulioisogeza ni huu. Ufa ukapotea papo hapo, ukuta ukawa laini kama uso wa mtoto. Meneja akapiga makofi mara moja, akaondoka.

Kimulimuli aliporudi alisimama mbele ya ule ukuta. Akasema, "Mjomba, hata wewe?" Hakupaza sauti. Afadhali angenitukana. Akairudisha taa ubavuni kwa mikono yake, kisha akafunga kamba kutoka nguzo ya pili hadi ya nne ili watu wasipite upande ule.

Tarehe 16 ilikuwa siku ya ufunguzi. Saa tatu asubuhi nilikuta kamba haipo. Mlinzi alisema meneja ameagiza itolewe kwa sababu inaharibu picha. Nilimtafuta meneja, nikaambiwa yuko na wageni.

Saa nne na dakika arobaini kulikuwa na watu kama sitini ndani. Mimi nilikuwa kwenye swichi kuu mlangoni. Kimulimuli alikuwa akitazama ile taa ya nguzo ya tatu. Ndani ya mwanga wake vumbi lilianza kushuka, jembamba kama unga unaochekechwa. Mahali pengine popote katika jumba lile lisingeonekana.

Alipiga kelele, "Tokeni! Tokeni nje!" Watu walidhani ni sehemu ya sanaa. Wapo waliocheka. Mmoja alimpigia makofi. Alianza kuwasukuma, akampokonya mama mmoja mkoba na kuutupa nje ili aufuate. Mama akaufuata, akimlaani. Nami niliwavuta wengine pale mlangoni. Alikuwa amerudi kumtoa mzee wa mwisho, ambaye hasikii vizuri, boriti ilipoanguka. Mzee alitoka na vumbi tu. Mpwa wangu ilimkuta mguuni.

Tulipokuwa tukiiinua, meneja alikuwa nje akiwaambia waandishi wa habari kwamba msanii ametoboa ukuta kwa ajili ya taa zake. Nilimsikia kwa masikio yangu. Sikuwa na mkono wa kumfikia, yote miwili ilikuwa chini ya zege.

Mguu umevunjika mahali patatu. Daktari hajaahidi kitu. Jana dada yangu alisomewa gazeti kando ya kitanda: mwanawe ndiye mharibifu.

Methali ya ufa kila mtu anaijua, hata meneja, kwa hiyo sitaisema.

Leo saa moja na robo asubuhi meneja alinipigia simu. Alisema, "Fundi, njoo utoe zile taa kabla wakaguzi hawajafika saa tano. Na kile kipande cha ukuta kilichobaki ukipake chokaa." Nikamjibu, "Nakuja."

Nimekuja hapa.

Niliyoyaona na niliyoyafanya ni hayo, nimeyasema kwa hiari yangu na sina la kupunguza.

Saini ya shahidi: (imetiwa)

Maelezo ya askari mpokezi: Nimemsomea shahidi maelezo yake. Nilikuwa nimetumia neno "ajali" mara mbili. Alikataa kutia saini mpaka lifutwe. Limefutwa. Muda wote hakukubali kukaa. Askari wawili wamekwenda kulinda jumba, wametoka kituoni saa tatu na dakika tano.