Pareto ya Kigen

Jumapili, 2 Novemba 2025
Miaka kumi na saba na miezi kumi tangu vurugu za uchaguzi zinitoe Sachangwan. Bado nahesabu.

Tafakari yangu ya Ijumaa kwenye blogu imesomwa na watu kumi na wanne. Ya Kigen – elfu mbili na mia tatu. Kijana huyu alikulia ng'ambo ya ua wa shamba langu, na bado yuko huko. Ameandika kwamba pareto haichanui bila baridi; imani vilevile. Sentensi safi. Ilinichoma. Nililima pareto miaka ishirini, na hilo sikuliona. Mimi naandika kwa kukumbuka. Yeye anafungua dirisha tu.

Jumatano, 5 Novemba
Nimesoma blogu ya Kigen kabla ya kufungua Biblia. Mara tatu. Mungu ameona.

Lynn, mjukuu wangu, ndiye hunichapia. "Guka, weka picha. Watu hawasomi maandishi matupu." Nikamwambia picha ziliungua na nyumba.

Jumapili, 9 Novemba
Makokha, katibu wa kanisa letu hapa mtaa wa Free Area, huweka tafakari moja kwenye karatasi ya matangazo. Leo ameweka ile ya pareto. Ilimfikia kwa WhatsApp bila jina, akadhani ni yangu – nani mwingine hapa ni wa Sachangwan?

Nje, Eucabeth wa kwaya akanishika mikono yote miwili. "Mzee Mbugua, leo umetulisha. Kumbe ulikuwa unatufichia?" Wengine wakapanga foleni. Ningeweza kusema. Nikasema amina.

Neno moja. Katika ushirika wetu aliyekosa husimama mbele na kukiri. Nimeuongoza miaka tisa. Nimewasimamisha wengi.

Jumatano, 12 Novemba
Ushirika umeamua: Jumamosi twende Sachangwan, tuombe katikati ya pareto, mimi niongoze. Makokha ameshakodi gari. Ati niwaonyeshe mahali maneno yalinijia.

Lynn ameiona ile karatasi. "Guka, hii si yako."
Nikaikunja.
"Utawaambia?"

Nimejaribu kuandika kukiri kwangu. Sentensi nzito, zimelala. Na hata hapo nilijikuta nikiwaza Kigen angeanzaje.

Jumamosi, 15 Novemba
Saa mbili asubuhi. Gari liko langoni. Eucabeth anapaza sauti kwamba hata bibi harusi hachelewi hivi. Wanacheka. Lynn amesimama mlangoni na koti langu.

Nikiwaambia sasa, nitawaambia wakiwa wameshakaa vitini, na chakula kimefungwa. Nisipowaambia, nitasimama kwenye ua wa Kigen nikisoma maneno yake, naye akisikiliza. Angeitikia amina, namjua. Alilelewa vizuri.

Na kama maneno yangekuwa yangu, ningeenda? Nimejiuliza tangu alfajiri. Jibu halibadiliki.

Makokha anabisha hodi. Lynn ananiangalia.

Sitarudi Sachangwan.