Mume wangu alitunisha shavu nikimnyoa, nimwambie daktari?

Mshauri mpendwa, wenzangu hukuandikia wakilia, mimi nina raha na raha yenyewe ndiyo inayonisumbua. Mume wangu ni kinyozi, aligongwa na pikipiki akaumia kichwa, sasa anafungua macho lakini haongei wala haangalii mtu, na daktari alituambia tusitegemee kwamba anatusikia, basi nikamleta nyumbani, namwogesha, namlisha kwa mpira wa puani, na ndevu namnyoa mwenyewe maana angejiona nazo angenikana. Juzi nikawa najilalamikia tu, nikasema, "Baba watoto, hili shavu la kushoto limebonyea, hebu nisaidie," na wembe bado niko nao mkononi, akalitunisha kwa ulimi, vilevile alivyokuwa akiwafundisha wateja wake. Nilicheka, nikalia, nikambusu juu ya povu. Nilipomgusia wifi akanijibu, "Wifi, umechoka, unaona unachotaka kuona," na shemeji naye husimama palepale kando ya kitanda akiulizia kile kiti chake cha kunyolea atachukua nani, kama vile mwenyewe ameshahama. Sijamwambia tena atunishe. Naogopa asipotunisha nitakuwa nimempoteza mara ya pili, na hivi nilivyo nimeridhika. Niache hivihivi?

Mke wa Kinyozi

Mke wa Kinyozi, nimefurahi nawe kwelikweli. Sasa nikuseme kidogo. Furaha hiyo unaila peke yako, na mwenye shavu je? Kama yumo, anasikia kiti chake kikiuliziwa na hana hata kikohozi cha kukataa.

Huenda ni msuli tu uliocheza, sikudanganyi, ndiyo maana watu hujaribu. Akiwa macho, zima redio, paka povu, weka wembe mbali, usimguse, mwambie, "Tunisha la kulia." Subiri, aliyeumia kichwa hachelewi kwa kiburi. Halafu la kushoto, halafu mwambie aache. Wifi ashike simu arekodi, kwa sababu macho yako yana mapenzi mengi. Asipofanya, rudia siku nyingine. Wagonjwa wa namna hii leo wapo, kesho wamezama, na kimya chake hakimaanishi hayupo. Video mpelekee daktari, umwombe ampime upya, tena zaidi ya mara moja, na usiombe radhi kwa kumsumbua.

Shemeji habari za kiti akazungumzie nje.

Lakini leo, kabla ya povu lolote, kaa karibu na sikio lake umwambie kwamba ulimwona. Umenieleza mimi nisiyemjua, na yeye bado hujamwambia.