Nani Alisema Nilirudi Nikinuka Mafuta ya Taa?

Mpendwa mshauri,

Naomba unisikilize hadi mwisho, maana kila nikianza kueleza watu hunikatiza na kuniambia nishukuru Mungu, nami nashukuru, lakini shukrani haijaniondolea kilichonikaa kooni. Mimi ni mwoka mikate, kazi niliyoianza sijaota hata ndevu, na kwa miaka mingi nilikuwa msimamizi wa tanuri la tajiri mmoja, mpaka siku tulipogombana mbele ya wateja kwa sababu ya unga ulioingia wadudu, yeye akitaka tuuchekeche tu tuendelee, mimi nikikataa, akanifukuza palepale na aproni yangu kiunoni. Jumapili iliyofuata, jua likizama, pale mahali pakashika moto, stoo ya unga ikateketea yote, bahati njema hakuna aliyeumia, na majivu hayajapoa vizuri askari wakawa mlangoni kwangu.

Jioni ile kweli sikuwa nyumbani. Nilikuwa kwa rafiki yangu fundi wa pikipiki, tukiosha vipuri vya injini kwa mafuta ya taa kama mafundi wanavyofanya, kisha nikarudi nikaoga nikala. Nikawaeleza askari hivyo hivyo, na fundi naye akaeleza, lakini nikafikishwa mahakamani kwa kosa la kuchoma jengo, na mwendesha mashtaka alipopinga dhamana yangu akamsomea hakimu mstari mmoja tu kutoka kwenye karatasi aliyoishika: "Shahidi anayeishi nyumba moja na mshtakiwa anasema alitoka jioni, akarudi nguo zikinuka mafuta ya taa." Akaikunja karatasi, akaketi. Mshauri, nyumbani kwangu watu wazima ni wanne, mimi, mke wangu, mama mkwe, na shemeji yangu ambaye ni mdogo wa mke wangu, wengine ni watoto wadogo ambao hata mafuta ya taa hawayajui.

Dhamana niliipata baadaye. Kesi ikawa inapigwa kalenda, mashahidi hawatokei, ikapigwa kalenda tena, hawatokei, mpaka hakimu akachoka akaifuta, na wakili wangu wa msaada wa kisheria akanipa mkono akaniambia, "Nenda nyumbani ukaoke mikate." Nikaenda. Lakini nyumba niliyoirudia si ile niliyoiacha. Mama mkwe akinimiminia chai najiuliza, ni huyu? Shemeji akichekea simu yake najiuliza, ananicheka mimi? Na mke wangu ndiye sitaki kumfikiria, ingawa ndiye ninayemfikiria zaidi, kwa kuwa hakukanyaga mahakamani hata siku moja, kila tarehe ya kesi alikuwa anaamka mapema anakwenda kwa shangazi yake, na simu anaizima.

Basi nikaenda kituoni kuomba kuyaona maelezo ya mashahidi. Karani wa pale mapokezi akanitazama juu mpaka chini.

"Kesi yako si imefutwa?"

"Imefutwa, afande."

"Sasa unatafuta nini? Mtu akishatoka mdomoni mwa mamba harudi kumhesabu meno."

Wenzake wakacheka, nami kwa aibu nikacheka nao, nikaondoka. Nyumbani nikamkuta mke wangu anakunja nguo za watoto, nikamwambia nitarudi tena kituoni mpaka nipewe.

"Baba watoto," akasema, "ukiisoma hiyo karatasi utafanya nini?"

"Nataka kujua tu."

"Basi usiisomee humu ndani." Akaendelea kukunja nguo.

Juu ya hayo, hoteli moja inataka kunipa kazi jikoni lakini wanadai cheti cha mwenendo mwema, na polisi wanasema kwenye kumbukumbu zao bado naonekana mtu mwenye kesi. Je, nina haki ya kuyapata maelezo yale? Na nikiyapata, nitaishije na aliyeyasema?

Ni mimi, Mwoka Mikate.

*

Mwoka Mikate, ndugu yangu,

Pole sana. Aliyelala mahabusu kwa kosa asilolifanya ana haki ya kuwa na donge. Na kwa ule unga wa wadudu, heko, ningekula mkate wako bila wasiwasi. Pongezi zangu zimeishia hapo.

Umepakua vitu viwili kwenye sahani moja. Kuna jina lako lililochafuka kwenye kumbukumbu za polisi, na kuna hamu yako ya kumjua msemaji. Hilo la jina ndilo linalokuzuilia riziki, na wewe umelitaja mwishoni kabisa, kama mtu aliyesahau kufunga mlango. Anza nalo.

Ulikwenda kituoni mikono mitupu, ukaomba kwa mdomo, tena kwa mtu asiye na mamlaka ya kukupa. Ombi la mdomo huishia mdomoni. Nenda masjala ya mahakama, uombe nakala yenye muhuri ya amri iliyofuta kesi. Ukiipata, mwandikie mkuu wa kituo na ofisi inayotoa vyeti, uambatanishe nakala yake, uombe kumbukumbu zako zirekebishwe, na barua utakayobaki nayo igongwe muhuri kwamba wameipokea. Taratibu si sawa kila mahali. Kwingine jina huondolewa, kwingine huandikwa tu kwamba kesi ilifutwa. Wakili wako atakueleza ya kwenu. Na hotelini usisubiri wayasikie kwa watu. Waambie mwenyewe, uwaonyeshe amri ya hakimu.

Maelezo ya mashahidi nayo unaweza kuyaomba, wala si dhambi. Ila kabla ya kurudi kwa karani wa mamba, umemuuliza wakili wako? Mara nyingi upande wa utetezi hupewa nakala kabla ya mashahidi kuitwa. Huenda unahangaika na kituo cha polisi na kumbe karatasi imo kabatini mwa wakili. Kama hana, amwandikie mwendesha mashtaka. Wanaweza kukataa, au wakakupa majina yakiwa yamefichwa, kwa hiyo jiandae. Muulize pia swali ambalo hukuniuliza mimi: kesi yako ilifutwa kwa namna gani, na je, inaweza kufunguliwa upya? Mpaka upate jibu, usimhoji shahidi yeyote wala usimtishe. Hata kumnunia shahidi mezani ukiwa nyumbani kwako, mwendesha mashtaka anaweza kukugeuzia.

Sasa nikuseme kidogo. Umeisoma barua yako mwenyewe? Jioni ile ulitoka? Ulitoka. Ulirudi ukinuka mafuta ya taa? Vipuri vya injini haviogeshwi kwa marashi, ulinuka. Uongo uko wapi hapo? Mtu aliulizwa na askari akasema alichokiona, nawe umefanya nyumba nzima iwe ya washtakiwa. Yaliyokupata mahakamani unawafanyia wao, tena bila dhamana.

Kingine. Mwendesha mashtaka alisoma mstari mmoja, akakunja karatasi. Kama shahidi yule angekuwa amesema "nilimwona akichoma" au "aliapa kuchoma", unadhani huo mstari angeuacha? Angeanza nao. Huwezi kujua mstari uliofuata unasema nini. Pengine unasema, "lakini huyu hawezi kufanya jambo kama hilo." Kwa hiyo ukiyapata maelezo, soma ukurasa wote, ofisini kwa wakili, ukiwa umekaa.

Na huyo shahidi wa nyumbani kwako alitakiwa asimame kizimbani ayarudie maneno yale mbele ya uso wako. Hakwenda. Kukwepa wito wa mahakama si jambo la kusifiwa, nami silisifu. Lakini wewe unamwona aliyekuingiza tu, humwoni kwamba huyo huyo hakutaka kukumaliza. Sisemi ni nani. Sijui, na wewe hujui. Najua tu kwamba katika nyumba yenu kuna mtu aliyeogopa kwa muda mrefu kuliko wewe, na kila ukisema "nitarudi kituoni" unamwongezea.

Mkeo amekuuliza swali zuri kuliko langu lolote, utafanya nini ukishaisoma, nawe ukamjibu kama mtoto. Mpe jibu la mtu mzima. Usimuulize kama ni yeye. Wala mama mkwe, wala shemeji. Waite wote watatu, watoto wakiwa nje wanacheza, na uwaambie wewe. Waambie jioni ile ulikuwa wapi na ulikuwa unafanya nini, maana nina shaka kama umewahi kuwaeleza wao, si askari. Kisha sema, "Aliyesema nilirudi nikinuka mafuta alisema kweli, na sina kinyongo naye."

Kama maneno hayo bado hayatoki, usiyalazimishe, na maelezo ya mashahidi usiyaombe bado. Kaombe amri peke yake, ukachukue kazi ya hotelini. Karatasi itakungoja. Watu hawangoji hivyo.