Nilisema Ni Radi

Jumanne. Mvua ya vuli imenyesha hapa Kayanga tangu saa nne asubuhi, na sasa imebaki ile ya kudondoka taratibu kwenye mabati. Nina matope mpaka kwenye kucha. Chakula kipo mezani, sina hamu nacho.

Leo nimekwenda kusema jambo nililolificha kwa wiki saba.

Wanaonifuata hapa wanajua kazi yangu: naunganisha kompyuta za mezani, kifaa kimoja kimoja. Mwezi wa nane alinijia Mwalimu Byarugaba wa Nyakahanga, aliyenifundisha hesabu shule ya msingi. Amestaafu, anapiga video za harusi, na alitaka mashine ya kuzihariri. Tulikaa dukani karibu siku nzima tukichagua. Prosesa iendane na mazabodi, ule ubao mkuu unaobeba vifaa vingine. RAM iwe ya aina ambayo mazabodi hiyo inaipokea. Kadi ya picha ienee ndani ya kasha. Mwisho nikamweleza kuhusu pawa saplai, kile kiboksi cha chuma kinachopokea umeme wa ukutani na kuvigawia vifaa vingine vyote. Nilimwambia kikiwa kibovu kinaweza kuondoka na kila kitu. Nilimwambia asiamini wati zilizoandikwa ubavuni, akishike kwanza asikie uzito wake, maana kilicho imara huwa kizito.

"Hapo usinibanie, Adela," alisema. "Weka kilicho imara."

Akalipia kilicho imara. Kikaja na basi kutoka Mwanza, kizito, kimefungwa vizuri.

Nikakifunga kwenye mashine yangu.

Naandika hivyo bila kupamba. Mashine yangu ya kutengenezea kadi na mabango ilikuwa inazimika ovyo, nikajiambia nitakitumia wiki moja tu, kisha nitaagiza kingine. Ya Mwalimu nikaiwekea cha bei chee kilichokuwa rafu ya chini, chepesi kama boksi la biskuti. Iliwaka. Alifurahi sana, alinishika mkono kwa mikono yote miwili. Wiki moja ikawa mbili, na mimi nikaacha kuhesabu.

Kile chepesi kiliungua siku ya mvua. Mwalimu alikuwa kwenye kikao cha kanisa, mashine ameiacha ikimalizia video ya harusi ya Nkwenda, kazi nzito. Mkewe, Mama Koku, alikuwa nyumbani peke yake. Ngurumo zilipoanza aliogopa kuchomoa waya, asije akaharibu kazi ya mumewe. Mara ikalia pu! Moshi ukatoka.

Nilipoitwa nilijua hata kabla sijafungua skrubu ya mwisho. Televisheni na redio vilichomekwa kwenye ekstensheni ileile, na vyote vilikuwa vizima. Ni kile kiboksi chepesi kilichoungua, kikaua mazabodi na kadi ya picha. Diski, prosesa na RAM vilipona.

Mwalimu akauliza kumetokea nini.

"Ni radi," nikasema.

Akamgeukia mkewe. "Si nilikuambia ukisikia ngurumo uchomoe?"

"Nisamehe, Baba Koku," akasema yule mama. Mimi nimesimama pale, bisibisi mkononi. Nikaanza kurudishia skrubu.

Baada ya hapo nilipita kuwasalimu mara moja tu. Nilimkuta Mama Koku akifagia. Alipofika mlangoni mwa chumba cha kompyuta akasimama. "Huko siingii, nitaunguza tena." Akacheka kidogo, kisha akainama kufagia palepale alipokwishafagia.

Jana Mwalimu alikuja dukani na karatasi, nimwandikie vifaa vipya. Pesa, alisema, zitatoka kwa Mama Koku. Ameamua mwenyewe kuuza mbuzi wake wawili, kwa kuwa kosa ni lake.

Mbuzi wawili.

Leo asubuhi nimefungua mashine yangu, nikatoa ile pawa saplai, nikaiviringisha kwenye khanga na kuificha chini ya koti la mvua. Bodaboda iliteleza mteremkoni tukaanguka wote wawili. Nilikuwa nimeikumbatia kama mtoto.

Niliwakuta sebuleni. Nikatoa shikamoo, wakaitikia. Nikaweka kiboksi mezani nikasema yote, nikimtazama Mama Koku, maana yeye ndiye niliyemkosea zaidi.

Mwalimu alikinyanyua, akakipima kiganjani, akakirudisha. Aliyesema ni mkewe.

"Wiki saba, Adela. Natembea ndani ya nyumba yangu kama mgeni. Kila siku najiuliza mkono wangu ulishindwaje kuchomoa waya mmoja. Ungeniambia umeharibu, ningekusamehe kabla hujamaliza kusema. Lakini ulinisikia naomba msamaha, ukanyamaza."

Nikasema mazabodi na kadi ya picha nitanunua mimi, mbuzi wasiuzwe. Akaniambia mbuzi ni wake na hawauzwi, kwa hilo hahitaji ruhusa yangu.

Mwalimu akaanza kueleza jinsi alivyoniamini. Mama Koku akamkatisha.

"Na wewe? Huyu alisema radi. Aliyesema kosa ni langu ni nani?"

Mwalimu akavua kofia. Akaongea Kinyambo, lugha yao ya nyumbani, taratibu, akimwomba mkewe radhi. Sijawahi kumsikia mwanamume wa umri wake akifanya hivyo mbele ya mtu. Nikatazama sakafu, na matope niliyoingia nayo.

Nikaaga. Kwetu huku mgeni husindikizwa, angalau mpaka mwisho wa migomba. Leo nimetoka peke yangu, na sikutarajia vingine.

Vifaa vipya vitafika Alhamisi. Nitavipeleka siku hiyohiyo, nitapiga hodi, kisha nitasubiri uani, mvua inyeshe isinyeshe, mpaka Mama Koku mwenyewe aseme nipite. Asiposema, nitamkabidhi Mwalimu vifaa pale mlangoni, nimwelekeze namna ya kuvifunga, nirudi zangu.