Niliwafukuza Korongo wa Mzee Walter

Shively, Louisville
Mwezi wa pili, 2015

Mama yangu,

Shikamoo. Na shikamoo ya pili ni ya ule mguu. Umeanza kukanyaga vizuri, au bado unachechemea ukimwona Fidelis anatoka? Sisi huku wazima. Baba Neema yuko kwenye ghala lile lile la Jeffersontown, anaingia mimi nikitoka, tunapishana mlangoni kama wapangaji. Neema namsemesha Kiswahili, ananijibu Kiingereza, ila akiwa na njaa Kiswahili kinamjia chenyewe. Baridi ndiyo haina adabu. Mama Esperansi, yule rafiki yangu Mkongo aliyehamia Buffalo, anasema kwao theluji iliziba mlango wakatokea dirishani. Nikimsikia naona aibu kulalamika, halafu nalalamika.

Nimeandika badala ya kupiga simu kwa makusudi. Simu ni ya Fidelis, na mdogo wangu huyo akishaiweka spika nyumba nzima inachangia. Barua hii anakuletea mwanafunzi mmoja wa Mahenge anayerudi nyumbani. Vaa miwani, kaa uani, uisome mwenyewe polepole.

Najua mnasubiri neno langu. Fidelis anataka ubaki kwake Morogoro moja kwa moja na shamba la mpunga apewe mtu mwingine. Wewe unataka kurudi Ifakara kabla mpunga aliokupandia mama mdogo haujatoa masuke. Mkakubaliana kwamba mtoto wa kwanza aamue. Nisikufiche, mama, nilikuwa upande wa Fidelis. Mtu ameanguka kutoka dunguni, juu ya jukwaa la miti, amelala kwenye tope mpaka jirani akamsikia, anarudi kule kufuata nini? Kuamia ndege, kuwafukuza kwenye mpunga, kwa umri huo? Lakini ngoja kwanza nikusimulie ya Jumamosi.

Mzee ninayemhudumia anaitwa Walter. Amelima maisha yake yote kwenye nchi tambarare kando ya mto Ohio, si mbali na hapa ninapokaa. Shamba sasa linalimwa na mwingine, lakini nyumba bado ni yake. Mimi humpikia, humwogesha, humpa dawa, na zaidi humsikiliza. Ana binti, Susan, anakaa Columbus, saa kadhaa kwa gari. Ameshamwandalia baba yake chumba chenye zulia. Ni mwanamke mzuri, hana ubaya wowote. Hupiga simu kila siku, na kila siku ananiomba nimshawishi mzee ahame, eti mimi ndiye anayemsikiliza. Loo, hata ugenini nimefanywa dada mkubwa.

Basi Jumamosi mzee akasema anataka kwenda kuwaona korongo. Kila msimu wa baridi wanapita huku, wanashuka mashambani kupumzika na kula. Na watu wa huku, mama, wanatoka kwenye nyumba zenye joto, wanavaa makoti juu ya makoti, wanakwenda kusimama kwenye upepo kuangalia ndege. Si kuwinda, si kuwafukuza, kuangalia tu. Nikamwambia mzee, ndege si wako hapo dirishani? Akasema hao wa dirishani ni ndege wa wavivu. Nikafunga chai kwenye chupa, nikamfunga na yeye skafu, tukaenda.

Tulipanda juu ya tuta la kuzuia mafuriko. Upande mmoja mto, maji yake ya kijivu kama ya kuoshea masufuria. Upande wa pili mashamba, yamenyooka mpaka macho yanachoka. Mama, ni bonde letu lile lile! Limekosa mpunga tu, na moshi wa mtu anayechemsha uji. Nikapangusa macho, nikasingizia baridi.

Nikataka kumshika mzee mkono, akaukataa. Nikashangaa, maana Krismasi alipokwenda kwa Susan alijigonga kila kona, akarudi paji la uso lina rangi ya bilinganya. Lakini pale tutani alitembea bila kupapasa. "Kuna shimo hapo," ananiambia mimi mwenye macho yangu, na kweli shimo lilikuwepo chini ya theluji. Kigong'ota akigonga mti, anamtaja. Kadege kekundu kakilia kwenye kichaka, anakataja. Mwishowe akasimama, akainua darubini, akasema leo wako wengi, wazuri kweli.

Nikaangalia alikoielekeza. Kulikuwa na miti mitupu. Korongo walikuwa upande mwingine kabisa, kundi kubwa, kwenye ngano changa iliyoanza kuota. Ndipo nikajua kwamba mzee haoni mbali hata kidogo, na kwamba tangu tutoke nyumbani alikuwa anaigiza. Nilimwonea huruma.

Nikageuka niwaangalie korongo kwa niaba yake. Na hapo, mama, ndipo ulipo msiba wangu. Walikuwa wameinamisha vichwa kwenye ile ngano ya kijani, wanadonoa, wanadonoa. Nilijua kabisa tumekuja kuangalia. Lakini macho yangu yalipoona ndege wengi ndani ya shamba la mtu, mikono haikuniuliza. Nilitoa ile sauti yako ya dunguni, yote, kutoka tumboni. Nikaokota bonge la udongo lililoganda nikalirusha. Nikachukua kikombe nikakigonga kwenye chupa ya chai kama tunavyogonga makopo. Mazoea yana taabu.

Karibu yetu kulikuwa na mtu na mke wake na darubini zao kubwa, wametulia kama wako kanisani. Wakanigeukia. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, nayo ilikuwa imeganda.

Korongo wakapaa wote kwa pamoja. Wana sauti, hao, kama milango mibovu mingi inafunguliwa mara moja. Wakaja moja kwa moja juu yetu, chini chini, nikasikia upepo wa mbawa zao usoni. Nikamwangalia mzee nikijua kazi sina. Alikuwa amevua kofia, uso juu, anawafuata kwa kichwa kutoka shambani mpaka miti ya mbali. Machozi yanamtoka na anacheka, anacheka mpaka akakohoa.

"Nani alikufundisha kupiga kelele namna hiyo?" akaniuliza.

Nikamwambia ni mama yangu. Nikamweleza dungu, na kwelea kwelea wanavyoshuka kama wingu, na jinsi ulivyonipandisha kule juu kabla sijaanza shule. Nikamweleza na ulivyoanguka, na neno mnalolisubiri kwangu. Mzee akamaliza chai yake.

"Asipowafukuza ndege," akasema, "asubuhi ataamka kwa ajili ya nini?"

Jumapili Susan akaja. Nilimweleza nilichokiona, kwamba kule tutani baba yake hajikwai. Alilia. Akasema anajua, lakini hawezi tena kulala akiwaza ameanguka peke yake, na kwamba alishapanga kila kitu, mwezi ujao anamchukua. Sikumlaumu, maana usiku ule ulipoanguka wewe nami sikulala. Mzee alikubali bila kubishana, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Lake sikuulizwa mimi niamue.

Lako nimeulizwa. Mama, rudi Ifakara. Shamba asipewe mtu. Fidelis, najua unasoma juu ya bega la mama, usinune: umemtunza vizuri kuliko mimi niliye mbali, na mwenye kukuambia hivyo ni dada yako. Ila dungu la mwaka huu ulijenge wewe mwenyewe, fupi, la ngazi pana na mahali pa kushikilia. Na wewe mama, usilale kule peke yako; binti wa mama mdogo awe na wewe. Ukikataa hilo, neno langu nalirudisha.

Nisalimie mama mdogo, umwambie ahsante ya ule mpunga nitaileta kwa miguu yangu. Msalimie shangazi wa kule ng'ambo ya mto, na katekista wetu, na yule jirani aliyekusikia ukiita siku ile, yeye mpe na kitenge nilichomfungia mwanafunzi. Baba Neema anakuamkia. Neema anasema "hi", pokea hivyo hivyo.

Limebaki moja. Mzee Walter anauliza kama simu inaweza kupandishwa dunguni. Asubuhi ya kwanza ndege wakishuka, Fidelis akupigie namba yangu, nami nitakuunganisha naye, hata kama huku ni usiku. Usimsalimie, hajui Kiswahili. Piga kelele tu, kama ulivyonifundisha. Atakuwa Columbus, kwenye chumba chenye zulia, amevua kofia.

Mwanao wa kwanza,
Skolastika